Taa za motokari ya zamani: kuona mbali bila kupofusha wengine



Katika ukurasa huu tunazungumza mara nyingi juu ya maji safi, malaria na vumbi la karieri. Leo tutazungumza juu ya jambo lingine linaloleta watu hospitali: motokari inayotembea usiku na taa hafifu, au na taa kali zisizoelekezwa vizuri.

Wengi wetu tunanunua motokari ambayo imekwisha kutumika miaka mingi. Inatupeleka kazini, inabeba bunga na makala, na usiku inapeleka mgonjwa kwa munganga. Injini tunaitengeneza, kwa sababu ikikataa tunabaki njiani. Taa tunaziacha, kwa sababu hata zikiwa dhaifu motokari inaondoka tu. Kisha siku moja tunakutana na mtu anayesukuma kinga yenye magunia ya makala pembeni ya njia, amevaa nguo nyeusi, hana taa.

Hesabu ya mita

Ukitembea kilometa 80 kwa saa, motokari inapita mita 22 kwa kila sekunde. Tangu jicho lione mtu mpaka mguu ukanyage freni, sekunde moja na nusu inapita: hizo ni mita 33. Freni nzuri kwenye lami kavu inahitaji karibu mita 40 nyingine. Jumla ni zaidi ya mita 70. Kwa kilometa 60 kwa saa unahitaji karibu mita 45. Kwa kilometa 40, karibu mita 26. Kwenye njia ya udongo au ya mvua, ongeza.

Sasa, kama taa zako zinakuonyesha mtu wa nguo nyeusi kwa mita 30 tu, mwendo unaokufaa usiku hauzidi kilometa 40. Ukizidisha, unaendesha kama kipofu, hata kama freni zako ni mpya.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Munganga hatoi sindano kabla ya kumpima mgonjwa. Fanya vile vile kwa fare za motokari.

Kwanza, osha kioo cha mbele cha fare. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu peke yake linakula mwanga mwingi. Pili, angalia ndani ya fare. Sahani inayong'aa ikiwa imeshika kutu au imekuwa nyeusi, hakuna ampuli itakayosaidia. Fare hiyo inabadilishwa. Usiisugue sahani hiyo kwa kitambaa na mchanga, kwa maana ngozi yake ya kung'aa ni nyembamba sana, itatoka yote.

Tatu, pima umeme. Omba fundi mwenye voltimeta apime volti kwenye batri, injini ikizunguka na taa zikiwaka. Kisha apime kwenye miguu ya ampuli. Kama batri inaonyesha 13,5 na ampuli inapata 11,5, volti 2 zimepotea njiani. Kupotea kwa nusu volti tunaweza kuvumilia, si zaidi. Jueni ya kwamba volti zikipungua sehemu 10 katika 100, mwanga unapungua karibu sehemu 30 katika 100. Ndiyo sababu motokari nyingi za zamani zina ampuli nzima zinazowaka kama kaa la moto linalozimika.

Volti hizo zinapotelea wapi? Zinapotelea katika shaba, ile ile tunayoichimba. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, ukipitisha ampea 10, unapoteza karibu volti 0,17 kwa kila mita. Katika motokari ya zamani umeme unatoka batri, unaingia mpaka kwenye kitufe cha dashibodi, unarudi tena mbele kwenye fare. Kwa mita 5 tu karibu volti moja imekwisha kwenda. Ongeza kutu ya viungo na kitufe kilichochoka.

Ampuli ya halojeni

Motokari nyingi za Ulaya za miaka ya 1960 zilitoka na ampuli ya kawaida ya wati 45 na 40: 45 kwa taa ndefu, 40 kwa taa fupi, ile tunayoita kode. Mwaka 1962 ampuli za halojeni zilianza kuwekwa katika fare. Wengine waliziita taa za iyode. Mwaka 1971 ikaja ile inayoitwa H4, yenye nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Mpaka leo inauzwa karibu kila mahali.

Katika ampuli ya kawaida, uzi unapowaka unatoa moshi wa chuma unaopaka kioo weusi kidogo kidogo. Katika halojeni, gesi iliyomo inachukua chuma hicho na kukirudisha kwenye uzi. Kwa hiyo uzi unaweza kuwaka kwa moto mkali zaidi, na kioo kinabaki safi. Lakini kioo hicho kinapata joto kubwa. Usikishike kwa vidole, kwa sababu mafuta ya mkono yanachoma mahali pamoja na ampuli inakufa upesi. Shika kwa karatasi safi.

Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za aina ya 40 zina fare ya duara ya inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, iliyofungwa pamoja na uzi wake. Hiyo unaitoa yote na kuweka fare ya H4 ya kipimo kile kile. Kwa fare nyingine za zamani, ziko ampuli za halojeni zilizotengenezwa kwa kiti cha zamani.

Msidanganywe na ampuli za wati 100. Mbili zinakula ampea 16 na zaidi. Waya wa zamani unapata moto, plastiki yake inayeyuka, kitufe kinaungua, na motokari inaweza kuwaka pamoja na watu ndani. Na kama motokari yako ni ya volti 6, ampuli ya volti 12 haitawaka vizuri. Inapasa kwanza kubadilisha batri, dinamo na vyote vinavyofuatana navyo.

Rele: mkubwa anatoa amri, mchukuzi anabeba

Dawa ya waya mrefu ni rele. Kitufe cha dashibodi hakibebi tena mzigo wote wa umeme; kinatoa amri tu. Rele, iliyofungwa karibu na fare, inasikia amri na kupitisha umeme moja kwa moja kutoka batri. Rele moja kwa taa fupi, moja kwa taa ndefu. Waya mpya uwe wa milimita mraba 2,5. Karibu na batri weka fizible ya ampea 15 kwa kila rele. Waya bila fizible ni hatari kuliko taa dhaifu. Waya wa masi, ule unaorudi kwenye mwili wa motokari, ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa, si juu ya rangi wala kutu.

Kabla ya kazi hiyo, toa kwanza waya wa batri wa upande wa kutoa (–). Usivute tumbako karibu na batri, maana gesi yake inalipuka. Asidi ikikurukia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi kwa dakika 20, kisha njoo hospitali.

Fare za kuume na fare za kushoto

Jambo hili wengi hawalijui, nalo ni kubwa kwetu. Hapa Kongo tunapita kuume. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, wanapita kushoto. Japani pia wanapita kushoto. Taa fupi haimuliki sawasawa pande zote: inainuka kidogo upande wa pembeni ya njia, ili ionyeshe wanaotembea kwa miguu, na inashuka upande wa motokari inayokuja. Motokari iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto inafanya kinyume hapa kwetu: inamulika macho ya dereva anayekuja, na inamwacha gizani mama anayetembea kuume na mtoto mgongoni.

Angalia kioo cha fare. Kwenye fare za kanuni ya Ulaya, kama kuna mshale mmoja unaoelekea kuume kwako, wewe ukiwa umesimama mbele ya motokari na kuitazama, fare hiyo ni ya kupita kushoto. Bila mshale, ni ya kupita kuume. Mshale wa pande mbili, inaweza kugeuzwa. Mkibadilisha fare, nunueni za kupita kuume, na ziwe mbili za aina moja.

Ampuli za LED za sokoni

Vijana wanazipenda kwa weupe wake. Lakini sahani na kioo cha fare ya zamani vilipimwa kwa uzi mdogo uliokaa mahali pamoja kabisa. Ampuli nyingi za bei ndogo hazitoi mwanga kutoka mahali pale. Kwa hiyo mwanga unatawanyika juu na pembeni. Dereva anaona weupe mbele ya motokari yake na kufikiri anaona mbali, kumbe yule anayekuja haoni kitu. Ampuli za zenoni katika fare ya halojeni ni vile vile.

Ninyi wa chini ya mine mnalielewa jambo hili. Mwenzako akigeuza kofia na kukumulika machoni, unasimama, maana huoni tena mahali pa kuweka mguu. Njiani, yule uliyemmulika hasimami. Anakuja bado, kilometa 60 kwa saa.

Kuelekeza taa

Kazi yote ni bure kama taa hazikuelekezwa. Tia upepo sawa katika matairi. Simamisha motokari mahali sawa, mita 10 kutoka ukuta, dereva akiwa ndani. Pima urefu tangu chini mpaka katikati ya fare, na weka alama ukutani kwa urefu huo. Piga mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Washa taa fupi, funika fare moja kwa kartoni isiyogusa kioo, na zungusha vis za fare ya pili mpaka ukingo wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Kisha geukia nyingine.

Ukipakia magunia nyuma, pua ya motokari inainuka na taa zinamulika miti na macho ya watu. Pakia kidogo, au shusha taa kabla ya safari.

Macho nayo ni taa

Mtu wa miaka 60 anapata ndani ya jicho karibu theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Kwa hiyo baba mzee asiseme fundi amemdanganya. Labda ni macho. Ukiona duara za rangi kuzunguka taa, au ukishindwa kuona usiku, njoo upimwe. Mtoto anayejikwaa kila jioni giza linapoingia, aletwe pia: mara nyingine ni upungufu wa vitamini A, na majani ya matembele na mafuta mekundu ya mawese yanasaidia kuuzuia.

Anayetoka posti ya usiku alale kwanza kabla ya safari ndefu. Taa nzuri haiamshi dereva mwenye usingizi.

Na ninyi mnaotembea kwa miguu, piteni kushoto, mkitazama motokari zinazokuja. Vaeni kitambaa cheupe. Jile ya kazi yenye mistari inayong'aa isibaki kwenye msumari nyumbani. Mpeni mtoto anayetumwa dukani jioni. Kwenye kinga, fungeni kioo chekundu cha nyuma.

Ndugu, kama fedha ni chache, fuateni utaratibu huu: osheni, pimeni, safisheni masi, elekezeni. Hayo yanagharimu kidogo. Kisha wekeni rele. Ampuli mpya inakuja mwisho. Na mpaka hapo, pungueni mwendo, ili anayesukuma kinga afike kwake, na ninyi mfike kwenu.