Dripu ya Vitamini: Je, Kila Aliyechoka Anaihitaji?



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo si ajabu kumsikia mgonjwa akilalamika: "Nimekwenda hospitali, hata dripu hawakunitundikia!" Kwa wengi wetu, chupa ile inayoning'inia juu ya kitanda ndiyo alama ya kwamba mtu ametibiwa. Siku hizi imani hiyo imepata soko jipya. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam zipo kliniki zinazotundika dripu za maji na vitamini kwa watu wasioumwa, zikiahidi nguvu, kinga imara, ngozi nyororo na kuondoa uchovu. Tumeona vema tuelezee jambo hili, kwa kuwa linagusa afya zetu na mifuko yetu.

Ndani ya chupa mna nini?

Dripu ni njia ya kuingiza maji au dawa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, bila kupitia tumboni. Maji yanayotumika sana ni ya chumvi: gramu 9 za chumvi katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hiyo nusu lita tu ya dripu hiyo, yenye gramu 4.5, inakaribia kufikia kiwango hicho.

Mengine ni maji ya glukosi, ambayo wengi huyaita maji ya nguvu. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Nguvu hiyo hailingani na mlo kamili. Ni karibu sawa na ile ya ndizi mbivu moja.

Kliniki huongeza humo vitamini za kundi B, vitamini C na madini kama magnesi. Mchanganyiko unaojulikana zaidi umepewa jina la John Myers, daktari wa Baltimore nchini Marekani aliyefariki mwaka 1984. Vitamini B na C huyeyuka katika maji, na nyingi kati ya hizo mwili hauziweki kwa wingi akibani. Mtu anayekula vizuri akiongezewa nyingine, figo huzitoa kwa njia ya mkojo. Ule mkojo wa manjano kali anaouona baada ya dripu ni vitamini B2 aliyoilipia ikitoka nje.

Wapo wanaozihitaji kweli. Mgonjwa ambaye tumbo lake haliwezi kufyonza vitamini B12 hupewa sindano, na mlevi wa muda mrefu aliyeishiwa vitamini B1 anaweza kuokolewa kwa kupewa kwa mshipa. Hao wamepimwa, na upungufu wao unajulikana. Kwa mtu mwenye afya hakuna uthibitisho kwamba dripu ya vitamini humwongezea nguvu au kinga. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimchukulia hatua muuzaji mmoja wa dripu hizo huko Texas, aliyetangaza bila ushahidi wa kisayansi kwamba zinatibu saratani, kisukari na magonjwa ya moyo.

Kikombe kilichoshinda chupa

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon nchini India, na kipindupindu kikawavamia. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya maji, chumvi na glukosi, akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 kati ya wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS tunayoipata leo zahanati imetokana na elimu hiyo. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Basi, anayeweza kunywa na tumbo likapokea, kikombe kinamtosha.

Dripu ina wenyewe: anayetapika kila anachokunywa, aliyepoteza fahamu, aliyekaushwa vibaya na kuhara, aliyemwaga damu nyingi. Hao wasicheleweshwe hata kidogo.

Maji ya dripu ni dawa

Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000 waliofikishwa hospitalini na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Watoto wa kuhara hawakuhusishwa. Hospitali ya Katoliki ya Lacor, Gulu, ilikuwa kati ya vituo vyake. Waliopewa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa walikufa zaidi: katika saa 48, karibu 11 kati ya 100, wakati kwa wasiopewa maji hayo ya haraka walikuwa 7. Watoto hao walikuwa mahututi, hawafanani na mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha kliniki. Lakini tunajifunza kwamba maji ya mshipani yana kipimo chake, na yakikosewa huua.

Kwa mwenye moyo dhaifu au figo mbovu, maji ya ziada yanaweza kujaa mapafuni. Kila sindano hufungua mlango kwa vijidudu kuingia katika damu. Vitamini C nyingi kwa mshipa inaweza kuumiza figo. Tena, wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyoenea katika nchi zenye malaria kama zetu. Kwao, vitamini C nyingi inaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Uchovu una sababu

Hatari kubwa zaidi ni kuunyamazisha uchovu bila kuuuliza umetoka wapi. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, ujauzito na sonona vyote vinaweza kuanza na kuchoka. Anayetundikiwa dripu hupumzika saa nzima, huhudumiwa kwa upole, hupata maji. Akiinuka anajisikia nafuu, na ugonjwa unaendelea kimyakimya. Fedha ya dripu ingeweza kulipia vipimo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 na 2289, inatufundisha kuutunza mwili kama zawadi ya Mungu, na pia kutoufanya mwili kuwa kitu cha kuabudiwa. Kwa frateri aliyekesha akijiandaa na mtihani, kuutunza ni kulala, kula maharage, mboga na matunda, na kunywa maji. Uchovu ukizidi wiki mbili, aende akapimwe.

Nasi tunapomtembelea mgonjwa, tusimshinikize mganga atundike dripu ili tuone kazi imefanyika. Tumuulize: "Daktari, ana tatizo gani, na tumsaidieje?" Kisha, kama anaweza kumeza, tushike kikombe tumnyweshe kidogo kidogo, kama walivyofanya ndugu wa wagonjwa kule Bangaon.