Kuvuka Mpaka si Kuokoka: Wanawake Watetezi wa Haki Katika Busia na Malaba

Mabasi yanayotoka Kampala kwenda Nairobi huingia Kenya kupitia Busia au Malaba. Abiria huteremka, hupanga foleni, huonyesha kitambulisho au pasipoti, kisha hupanda basi tena. Wengi wao ni wachuuzi, wanafunzi na watu wanaokwenda kuwajulia hali jamaa zao, kwani Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Lakini katika foleni hiyo hiyo huweza kusimama mwanamke asiyesafiri kwa hiari: mtetezi wa haki za binadamu anayeandamwa na dola kwa sababu ya kauli zake. Makala haya yanakusudia kueleza hali ya mwanamke huyo, msaada anaostahiki kupewa, na nafasi ya lugha katika msaada huo.

Mfano unaofahamika sana ni wa Dkt. Stella Nyanzi, mwanataaluma na mshairi wa Uganda. Mwezi Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa sababu ya shairi alilolichapisha katika Facebook kumhusu Rais Yoweri Museveni. Februari 2020 Mahakama Kuu ilimwachilia huru. Baada ya uchaguzi wa Januari 2021, ambamo aligombea kiti cha mbunge mwanamke wa Kampala, alikimbilia Kenya kwa basi na kuomba hifadhi. Mwanzoni mwa 2022 alihamia Ujerumani pamoja na watoto wake, chini ya mpango wa chama cha waandishi cha PEN unaowapokea waandishi walio uhamishoni. Kwake yeye, Kenya ilikuwa kituo cha njiani tu.

Kwa nini kuvuka mpaka si kuokoka? Sababu ya kwanza imo katika mpangilio wa mpaka wenyewe. Zamani msafiri aligongewa muhuri wa kutoka upande wa Uganda, akavuka, ndipo akagongewa muhuri wa kuingia upande wa Kenya. Baada ya kuanzishwa kwa vituo vya huduma za pamoja, kikiwemo kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa katika nchi anayoiingia pekee. Hivyo, maafisa wa Uganda na wa Kenya hufanya kazi chini ya paa moja katika ardhi ya Kenya. Utaratibu huu umewafaa wachuuzi na madereva wa malori waliokuwa wakipoteza saa nyingi. Kwa anayekimbia, hata hivyo, una dosari: ingawa amekwisha kukanyaga ardhi ya Kenya, bado hana budi kusimama mbele ya afisa wa dola anayoikimbia. Si ajabu mwenye hofu akashawishika kupita njia za panya, ambako hakuna afisa wa kumwandikisha wala shahidi akidhulumiwa.

Sababu ya pili ni kwamba mkono wa dola huweza kumfuata mtu ugenini. Julai 2024, wanachama 36 wa chama cha upinzani cha FDC walikamatwa mjini Kisumu, wakarudishwa Uganda na kushtakiwa kwa ugaidi. Novemba mwaka huo, Dkt. Kizza Besigye alitekwa Nairobi, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025, Maria Sarungi Tsehai, mwanaharakati wa Tanzania aliyekuwa akiishi Kenya, alitekwa Nairobi na watu wenye silaha, akaachiliwa baada ya saa chache. Mei 2025, mwanasheria na mwanahabari wa Uganda, Agather Atuhaire, alikamatwa Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kisha akatupwa katika mpaka wa Mutukula. Alieleza hadharani kwamba aliteswa na kubakwa.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inamruhusu aliyeingia nchini, hata kama hakufuata utaratibu, kujitokeza mbele ya afisa anayehusika katika muda wa siku 30. Aidha, sawa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, inakataza mtu kurudishwa mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini.

Hapa ndipo maneno yanapokuwa na uzito. Anayejibu kwamba amekuja kutembea huandikwa mgeni, na mgeni ana siku zake za kurudi kwao. Anayesema kwamba anaomba hifadhi huingia katika kundi jingine kisheria: yeye ni mwomba hifadhi, yaani mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa, na akikubaliwa ndipo huitwa mkimbizi. Asiyejua tofauti hii, au asiyepata wa kumtafsiria, huweza kuikosa haki yake kwa jibu moja la haraka dirishani.

Kiswahili nacho kina historia yake. Upande wa Kenya, katika masoko ya Busia, ni lugha ya biashara na ujirani. Nchini Uganda, kwa muda mrefu kilihusishwa na jeshi na polisi, na wapo waliokisikia kwanza kutoka vinywani mwa askari wenye bunduki. Mkalimani anayempokea mwanamke aliyeteswa kizuizini hana budi kulijua jambo hilo. Pia, habari za kubakwa hazisimuliki mbele ya mwanamume wa mtaani aliyeitwa kwa sababu tu anajua Kiganda. Zinahitaji mkalimani mwanamke, mtunza siri, anayetafsiri bila kupunguza wala kulainisha, kwa kuwa maelezo yanayopishana ndiyo mara nyingi huwa sababu ya kukataliwa kwa ombi.

Msaada hauishii mpakani. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mwanaharakati aliye uhamishoni anahitaji wakili, malazi salama, matibabu, shule kwa watoto aliokuja nao, na kazi itakayomrudishia heshima. Kituo cha Sheria mjini Nairobi kimekuwa kikitoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi, na shirika la DefendDefenders, lililoanzishwa 2005, huwasaidia watetezi wa haki walio hatarini katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Mashirika kama haya huhitaji wakalimani.

Hivyo basi, vyama vya Kiswahili vyuoni vina la kufanya. Vinaweza kukusanya istilahi za hifadhi kwa Kiswahili sanifu na kuzilinganisha na Kiganda, Kiteso na Kisamia. Vinaweza pia kuwaandaa wanafunzi, hasa wa kike, katika maadili ya ukalimani, na kuwaunganisha na mawakili. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na katika foleni ya Busia, anayefaa huenda akawa yule anayejua kulitafsiri neno "hifadhi" ipasavyo.