Kompyuta Zinazotoka Jasho Kwai

Sogeeni, wanangu, na ninyi mliosimama mlangoni. Swichi isiguswe kwanza.

Mmewahi kupanda basi kutoka Mombo asubuhi ya mwezi wa saba? Likishapita Soni, vioo vinaingia ukungu kwa ndani, mtu anaandika jina lake kwa kidole. Ni pumzi za abiria zile. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi, inaacha maji pale pale.

Sasa tazameni chumba hiki. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kwai tuko juu zaidi. Mashine zimelala kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi linaingia darasa zima, masweta yamelowa umande, madirisha yanafungwa, watu wanahema. Ndani ya kasha la kompyuta, kwenye vyuma vilivyopoa, vinaota vitone msivyoviona. Mwenye haraka akiwasha hapo hapo, umeme unaweza kukutana na maji, shoti hiyo!

Basi tunasubiri kidogo, chumba na mashine vipatane joto. Meza tumezitenga na ukuta, hakuna kasha linalokaa sakafuni, na usiku tunafunika kwa kitambaa. Nailoni hapana, inafungia unyevu ndani. Kule Tanga mjini mafundi wanahangaika na joto na chumvi ya bahari. Huku kwetu joto la mashine ndiyo dawa. Kompyuta inayotumika kila siku hujikausha yenyewe. Ile iliyofungiwa stoo kwa kuogopa watoto wataiharibu, ndiyo inayoota kutu. Walimu wakuu wangelisikia hili, ningefurahi.

Radi nayo mnaijua. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi, na waya wa mtandao pia, maana huo nao ni njia. Waya wa ethi unaoshuka ardhini msiukate kufungia mbuzi.

Haya, njoo wewe, shika bisibisi. Umeme umechomolewa? Fungua. Unaona kile kidude cha duara, kinang'aa kama sarafu? Ni betri ya volti 3. Kazi yake ni kuitunzia kompyuta saa na tarehe ikiwa imezimwa. Ikiisha, mashine inaamka ikidhani ni mwaka 2009, tovuti nyingi zinakataa kufunguka, na watu wanalaumu mtandao. Kila tovuti salama ina hati yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine iliyorudi nyuma, hati hiyo bado haijaanza kazi! Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi simu, tazama saa pale pembeni ya skrini.

Wazee wenu hawakupata bahati ya kuchokonoa hivi. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hiyo haikuondoka kabisa mpaka miaka ya 1990. Halafu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili, bure. Mpaka leo programu za bure ndizo zinazofaa chumba cha wengi: unaweka ile ile kwenye mashine zote, hununui leseni, na moja ikiharibika unaipakia upya. Ila kila mtu aingie kwa jina lake na nywila yake, asije akafuta insha ya mwenzake.

Mmebakiza vumbi jekundu la kiangazi. Toeni kasha nje, mpulize kwa pampu ya baiskeli. Mmoja azuie feni kwa kidole, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi inageuka jenereta ndogo, na umeme wake unaweza kurudi kwenye ubao na kuuunguza.