Nyumba ya Kale Inauzwa, AC Imo... Ukuta Je?

Juzi nimekutana na tangazo la nyumba ya hapa kwetu Lamu: jumba la kihistoria, bwawa la kuogelea, AC, maji moto, unahamia tu. Kumbe ni ile nyumba niliyosomea chuo cha Kurani nikiwa mdogo! Na sasa ami zangu wanataka kuuza ya babu, mtaa huo huo. Dalali kawaambia: pigeni plasta mpya, tieni AC na bafu mbili juu, bei itapanda. Ndio maana naandika.

Nyumba hizi si mawe tu. Ukuta ni matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na dari inashikwa na boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu sana, ndio maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Ndani kabisa mna zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambamo wazee walipanga vyombo vya China. Chooni mna birika, humo hutiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Hao hawahitaji umeme, he he.

Mimi sikatai bafu. Shida ni saruji. Chokaa inapumua, unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea ukutani. Ukipaka saruji juu yake, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, mwishowe plasta inabambuka na ukuta unamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Bafu ya juu nayo, bomba likivuja kidogo kidogo, ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta inaoza na hakuna anayeona. Halafu tangi! Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Fundi anayejua hulikalisha juu ya ukuta, si katikati ya dari.

Mnakumbuka Beit al-Ajaib ya Zanzibar? Jumba la sultani la 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa.

Na jambo la karatasi: tangu Katiba ya 2010, mgeni asiye raia hapati ardhi Kenya ila kwa kukodi, mwisho miaka 99. Kwa hiyo dalali akiwaambia wazee kwamba Mzungu atainunua iwe yake milele, huyo anawachezea. Pia mji wetu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huwezi kuamka tu ukabomoa ukuta.

Ijumaa baada ya sala kuna kikao. Warithi ni kumi na mmoja, nyumba moja haigawanyiki, hilo naelewa. Nitaomba iuzwe ilivyo, na chokaa yake, mnunuzi atie bomba mwenyewe kwa fundi wa chokaa. Dalali anasema tutapata kidogo. Huenda ni kweli.