Mwenye Mtumbwi, Ziwa Si Choo

Ndugu msomaji, kama unaishi kando ya Ziwa Victoria, habari hii inakuhusu. Kama una mtumbwi, inakuhusu zaidi.

Alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi mwaloni kwetu. Mvuvi mmoja anajisaidia kwenye majani kando ya maji. Mwingine anamwaga oili chafu ya injini. Hatua chache kutoka hapo mama anachota maji ya kunywa, na watoto wanaoga. Watoto hao ndio ninaowapokea zahanati. Wanaumwa tumbo. Choo chao kina damu.

Wengi wao wana kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini yanaanguliwa. Vijidudu vyake vinaingia ndani ya konokono wadogo, wale wanaokaa penye majani. Humo vinaongezeka, kisha vinatoka kumtafuta mtu. Havihitaji kidonda, vinatoboa ngozi nzima. Kichocho kikikaa muda mrefu huharibu ini. Dawa ipo, lakini aliyepona akirudi katika maji yale yale anaambukizwa tena. Kuna mtoto nimemtibu mara mbili.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza mtu yeyote kumwaga mafuta majini. Inakataza hata kitu kilichochanganyika na mafuta. Basi yale maji yenye petroli unayoyachota ndani ya mtumbwi na kuyarudisha ziwani, nayo yamo. Sheria hiyo hiyo inampa kila mtu wajibu wa kulinda mazingira, na wa kutoa taarifa akiona yanaharibiwa.

Manahodha wengi ni baba zangu kwa umri, naona haya kuwafundisha. Lakini nasema. Mkienda kuvua usiku, chukueni ndoo yenye mfuniko. Jisaidieni humo, na mkifika nchi kavu mwageni chooni. Ukijaza petroli tumia faneli. Oili chafu itie kwenye dumu, na dumu hilo lisiwekwe maji ya kunywa kamwe. Kama mwalo wenu hauna choo, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji: ushuru wa samaki unafanya kazi gani?

Nawe mama, chemsha maji ya kunywa. Ila usichote penye oili, maana kuchemsha hakuiondoi. Mtoto akipata choo chenye damu mlete zahanati siku hiyo hiyo.