Redio za Valvu (2): Si Valvu, ni Kapasita

Anayerithi redio ya valvu huwa na pupa moja: kuichomeka kwenye umeme aone kama bado inaimba. Asubiri kwanza. Redio iliyokaa kabatini miaka 30 imeoza pasipoonekana, na kilichooza kwa kawaida si valvu. Nyingi kati ya valvu za miaka ya 1950 zingali zinafanya kazi. Kinachooza ni kapasita.

Tuchukue Bush DAC90A, redio ya Uingereza ya mwaka 1950, yenye kasha la bakelaiti na valvu 5. Siku hizo baadhi ya mitaa ya Uingereza bado ilipata umeme wa mkondo mnyoofu, ambao transfoma haiuwezi. Wahandisi wakaiondoa transfoma ya umeme kabisa. Nyuzi za kupasha moto valvu wakaziunga kwa mfululizo, na volti za ziada zikaachiwa rezista kubwa. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, valvu zote huzimika. Hilo ni usumbufu tu. Hatari iko kwenye chasi ya chuma, iliyoungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme. Plagi ikiungwa kinyume, chasi nzima ina volti 240. Fundi asiye na transfoma ya kutenganisha umeme asiiguse redio hii ikiwa imewashwa, na hata akiichomoa, akumbuke kuwa kapasita kubwa hubaki na chaji.

Chini ya chasi utakuta kapasita za karatasi. Kazi yake ni kuzuia mkondo mnyoofu na kupitisha mawimbi ya sauti. Karatasi ikishaingia unyevu, huvuja. Nyingine zikivuja kidogo redio huvumilia, lakini iko moja isiyosamehe: ile inayopeleka sauti kutoka valvu ya UBC41 hadi gridi ya UL41, valvu inayoendesha spika. Ikivuja, gridi hupata volti chanya, UL41 humeza umeme kupita kiasi, sauti hukwaruza, na mwishowe transfoma ya spika huungua. Mwenye redio atasema valvu imekufa. Atanunua nyingine kwa bei ya kuumiza, nayo itakufa vilevile.

Kwenye redio yenye transfoma, ungechomoa valvu ya sauti na kupima volti kwenye soketi yake. Hapa ukichomoa moja umezima zote. Basi fungua lehemu ya mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, washa, kisha upime mguu huo kwa mita. Ikionyesha hata volti chache, kapasita haifai. Binafsi sioni haja ya kuipima: kapasita mpya ya filamu ya volti 630 ni rahisi mno kuliko valvu, kwa hiyo huibadilisha kabla ya kuwasha. Ile inayokaa kwenye njia ya umeme wa ukutani sharti iwe ya daraja la X2.

Hapo ndipo uwashe, umeme ukipitia kwanza balbu ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo na redio. Iking'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti; ikififia, endelea. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, na zile za zamani za nyuzi siku hizi hutafutwa kwa tochi.

Wako wanaochimbua kapasita ya zamani na kuficha mpya ndani ya ganda lake. Kwa makumbusho, sawa. Kwa redio ya sebuleni, heri fundi ajaye aone wazi kilichobadilishwa.

Juma lijalo: kupanga masafa, na kwa nini skrubu zake zisiguswe ovyo.