Nyumba ya Zamani Yenye Joto: Anza na Paa

Joto linapozidi, wakazi wengi wa nyumba za zamani katika Musoma, Bunda na Butiama hukimbilia kununua feni. Feni haipoozi chumba. Huzungusha tu hewa iliyomo, huku uniti za LUKU zikiisha. Tunashauri fedha ya kwanza itumike kwenye paa.

Sababu ni mahali tulipo. Mkoa wa Mara uko karibu na Ikweta, hivyo jua la mchana huwa karibu na utosi, nalo huchoma paa kuliko kuta. Bati lililoshika kutu hufyonza joto hilo, na pasipo dari huwashukia moja kwa moja waliomo ndani. Kulisugua na kulipaka rangi nyeupe huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Kisha ifuate dari, mradi nafasi iliyo kati yake na bati iwe na matundu ya hewa pande mbili. Bila hayo joto hukaa humo hadi usiku. Matundu yawekewe wavu, kwani mbu nao huyajua.

Mjini Musoma upepo wa ziwani huvuma mchana kuelekea nchi kavu, basi dirisha linalotazama ziwa lisizibwe kwa kabati. Nyumba zilizo mbali na ziwa zitafaidika na mti wa kivuli upande wa magharibi.

Jambo moja halina mjadala: usizibe matundu ya chumba chenye jiko la mkaa, hata usiku wa mvua. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Aidha, nyumba iliyoezekwa kwa asbesto isitobolewe wala kukatwa paa lake kabla ya kupata maelekezo ya NEMC.

Kuhusu taa, hesabu ni nyepesi. Taa 3 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 27 kwa siku 30. Taa 3 za LED za wati 9 hula takriban uniti 4.

Nyaya kuukuu zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA kabla dari haijafungwa. Na mkataba wa fundi wa dari uyataje matundu ya hewa kwa maandishi, maana ndiyo huachwa kwanza kazi inapoharakishwa.